Maswali ya Wasomaji: Kevina ni Mtu au ni Hospitali?

Katika toleo lililopita ukurasa huu ulitaja, kwa sentensi moja tu, kwamba Hospitali ya Nsambya, Kampala, ilianza mwaka 1903 chini ya mwembe kwa mikono ya masista sita, na kwamba mmoja wao, Mama Kevin au Kevina, alianzisha baadaye shirika la kwanza la masista Waafrika Uganda (dai tunalolirekebisha hapa chini). Sentensi hiyo imetuletea barua nyingi kuliko makala nzima iliyoibeba. Tumechagua chache na kuzifupisha, na majina tumeyaacha kama wenyewe walivyoomba.

*Mwalimu, bibi yangu, ambaye nyumbani tunamwita Jajja, kila akisimulia kuzaliwa kwa mama yangu husema, "Nilijifungulia Kevina." Nilipokuwa mdogo nilidhani Kevina ni kijiji. Baadaye nikaambiwa ni sista Mzungu. Sasa ninyi mnasema ni Nsambya. Kevina ni nini hasa, na kama ni mwanamke, kwa nini aliitwa jina la kiume?* — Msomaji wa Busia

Jajja wako hakukosea, na wewe pia hukukosea sana. Kevina alikuwa mtu kabla hajawa mahali. Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875 huko Knockenrahan, karibu na mji wa Arklow, katika kaunti ya Wicklow nchini Ireland, akapewa jina la Teresa Kearney. Baba yake alifariki kwa ajali miezi mitatu kabla hajazaliwa. Mama yake aliolewa tena, naye akafariki Teresa akiwa na umri wa miaka 10, ndipo bibi yake akamchukua na kumlea. Bibi huyo naye akafariki mjukuu akiwa na miaka 17. Mtoto aliyezikiwa wazazi na mlezi kabla hajatimiza miaka 20 ndiye aliyekuja kuitwa mama na watu wasio na idadi, na kila ninaposoma habari zake huona kwamba hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu karibu kila nyumba aliyoifungua baadaye ilikuwa ya mtu asiye na wa kumlea.

Alijifunza ualimu, akafundisha kwa muda Uingereza, na mwaka 1895 akajiunga na masista Wafransisko wa Abasia ya Mtakatifu Maria huko Mill Hill, London. Aliweka nadhiri mwaka 1898 na kupokea jina la kitawa la Sista Maria Kevin wa Mateso Matakatifu. Hapo ndipo lilipo jibu la sehemu ya pili ya swali lako. Kwa desturi ya mashirika mengi ya wakati ule, mtawa aliacha jina la nyumbani na kuchukua la mtakatifu, na mtakatifu huyo angeweza kuwa mwanamume bila mtu yeyote kushangaa. Mtakatifu Kevin alikuwa mkaa pweke wa karne ya 6 aliyeishi Glendalough, bonde lililo katika kaunti hiyohiyo ya Wicklow. Msichana yule alibeba kwenda utawani jina la mtakatifu wa kwao, kama ambavyo wengi wetu hapa huwaita watoto wetu Kizito au Lwanga.

Lakini Kevin ni neno linaloishia kwa konsonanti, na midomo yetu ya Kibantu haipendi kuliacha neno likining'inia hivyo. Likawa Kevina. Kisha likafanya jambo ambalo majina machache hulifanya: likatoka kwa mtu likaenda kwa kazi yake, hata hospitali au nyumba yoyote ya kupokea wagonjwa na maskini ikawa "Kevina". Wasomaji wetu wa Nairobi na Dar es Salaam wanajua mfano wa namna hiyo, kwa kuwa wana mtaa unaoitwa Kariokor au Kariakoo, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps. Kikosi hicho kitarudi mbele kidogo katika barua ya kijana wa Jinja.

*Walifikaje hapa mwaka 1903, na nani aliwaita? Sisi tulifundishwa kwamba Ukatoliki Uganda uliletwa na Wafaransa.* — Mwanafunzi, Kampala

Ulifundishwa vizuri, na swali lako ndilo linaloonyesha kwa nini waliitwa. Mapadre wa kwanza Wakatoliki walikuwa Wafaransa, na wamisionari wa kwanza Waprotestanti walikuwa Waingereza, kiasi kwamba watu wa Buganda walizigawa dini hizo mbili kwa majina ya mataifa: Wafransa na Waingleza. Mgawanyo huo ulifikia kumwaga damu mwaka 1892. Roma ikaona ni busara kuleta Wakatoliki wanaotoka Uingereza ili watu waone kwa macho yao kwamba dini si pasipoti. Mwaka 1894 ikaundwa Vikarieti ya Kitume ya Nile ya Juu, yaani eneo la misheni lenye askofu wake, na mwaka 1895 Askofu Henry Hanlon na mapadre wanne wa shirika la Wamisionari wa Mill Hill wakafika wakiwa wametembea kwa miguu kutoka pwani, wakapewa kilima cha Nsambya na Kabaka Mwanga.

Askofu Hanlon ndiye aliyeomba masista. Sita waliondoka London tarehe 3 Desemba 1902 na kufika Nsambya tarehe 15 Januari 1903, yaani wiki sita tu, kwa kuwa reli ilikuwa imefika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901. Watatu kati yao walikuwa Waairishi. Waliobaki walikuwa Mmarekani, Mwingereza na Mskoti. Sista Kevin alikuwa na miaka 27. Yeye mwenyewe alikuwa amejitolea kwenda kuwahudumia watu weusi wa Marekani, ambako shirika lake lilikuwa na nyumba tayari, akangoja miaka mitatu, na wito ulipokuja ukaelekeza kwingine.

Walikuta nchi iliyokuwa ikizika watu kila siku. Malale yalikuwa yameanza kufagia pwani za Busoga na visiwa vya ziwa, na kabla hayajatulizwa yaliua watu zaidi ya 200,000. Masista hawakuwa na jengo la hospitali. Kulikuwa na mwembe karibu na nyumba yao, na chini yake wakaanza kuosha vidonda, kufunga bendeji na kugawa dawa chache walizokuwa nazo. Mwaka 1906 wakafungua nyumba ya pili Nagalama, na mwaka 1913 ya tatu huko Kamuli, Busoga. Katikati ya hapo, mwaka 1910, mkuu wao Mama Paul alilazimika kuondoka kwa sababu ya afya, na mzigo ukamwangukia Kevin. Tangu hapo ni Mama Kevin, na kwa wenyeji Mama Kevina.

*Mimi ni mkunga. Sista mmoja mzee aliwahi kuniambia kwamba zamani watawa walikatazwa kuzalisha. Nilidhani ananitania. Inawezekanaje hospitali ya masista isizalishe?* — Mkunga, Kampala

Hakukutania, Mama. Sheria za Kanisa za wakati ule ziliwazuia masista wenye nadhiri kufanya kazi ya ukunga, kwa hoja ya kulinda usafi wa moyo. Huko Ulaya sheria hiyo haikuumiza watu wengi, maana walikuwapo wakunga walei na madaktari wa kutosha. Hapa Uganda ilikuwa na maana nyingine kabisa. Mjamzito aliyeshikwa na uchungu kwa siku tatu aliletwa kwa machela hadi mlangoni mwa mwanamke mwenye mikono safi, maji ya moto na utayari, na mwanamke huyo alikuwa amefungwa na kanuni.

Wewe unayeijua kazi hii unaweza kuipima hali hiyo kuliko mimi. Mtoto akilala mkao wa kukaa, au kondo la nyuma likikataa kutoka, saa moja ni ndefu. Upande wa Waprotestanti, Daktari Albert Cook alikuwa ameianzisha Hospitali ya Mengo tangu mwaka 1897, na baadaye yeye na mkewe Katharine walifungua mafunzo ya wakunga pale Namirembe. Kwa hiyo Mama Kevin hakuhitaji kuelezwa kwamba kazi hiyo inawezekana. Aliiona ikifanyika kwenye kilima cha pili.

Ninachokisifu kwake ni njia aliyoichagua. Angeweza kuvunja sheria kimyakimya, na naamini wako waliofanya hivyo mahali fulani duniani usiku wa manane. Angeweza pia kuinamisha kichwa na kusema ni mapenzi ya Mungu. Yeye alizunguka ukuta huo na papo hapo akaanza kuubomoa. Aliuzunguka kwa kumleta daktari mlei, Evelyn Connolly, ambaye hakuwa na nadhiri wala katazo, na ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1920 alianza kuwafundisha wasichana wa hapa uuguzi na ukunga pale Nsambya. Aliubomoa kwa kuendelea kuwasumbua wakubwa wa Kanisa bila kuchoka, akishirikiana na sauti za wanawake wengine waliokuwa wakidai jambo lilelile. Mmoja wao alikuwa daktari wa Austria, Anna Dengel, aliyeanzisha shirika la masista wa tiba huko Marekani mwaka 1925. Hatimaye, tarehe 11 Februari 1936, Roma ilitoa waraka ulioruhusu masista wa nchi za misheni kusomea udaktari, uuguzi na ukunga, tena ikawahimiza. Mwaka uliofuata Mwairishi mwingine, Mama Mary Martin, akaanzisha nchini Nigeria shirika la masista waliosomea kazi hiyohiyo.

Hesabu tu miaka: kutoka 1903 hadi 1936 ni miaka 33. Sista aliyefika akiwa na miaka 27 alikuwa na 60 wakati ruhusa inafika. Wakunga waliokuwa wameandaliwa na Daktari Connolly, binti za nchi hii, walikuwa wamekwisha kuzalisha kwa miaka mingi.

*Mmeandika kwamba Mama Kevin alianzisha shirika la kwanza la masista Waafrika Uganda. Si kweli. Bannabikira walitangulia. Rekebisheni.* — Msomaji wa Masaka

Tunaomba radhi, na tunarekebisha. Bannabikira, yaani Mabinti wa Bikira, walianza Bwanda, Masaka, mwaka 1910, wakilelewa na Mama Mechtilde wa shirika la Masista Weupe. Shirika la Mama Kevin lilifuata miaka 13 baadaye. Hata hivyo barua yako inatupa nafasi ya kueleza jambo ambalo wasomaji wengine watano wameliuliza kwa namna tofauti, kwa sababu huyu mama alianzisha mashirika mawili na watu huyachanganya.

La kwanza ni la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, lililoanza mwaka 1923 kwa wasichana wanane wa hapa nchini, na makao yake makuu yako Nkokonjeru. La pili ni la Masista Wafransisko Wamisionari kwa Afrika, lililoundwa tarehe 9 Juni 1952. Hili la pili ni la wale waliotoka ng'ambo. Kwa karibu miaka 50 walikuwa tawi la Abasia ya Mill Hill, wakitegemea nyumba mama iliyokuwa na kazi zake Uingereza na Marekani pia. Kadiri misheni ilivyokua, ndivyo ilivyokuwa vigumu kuiendesha kutoka London. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ilikuwa imefunguliwa nyumba maalumu ya kuwalea wasichana waliokusudia kuja Afrika, huko Holme Hall, Yorkshire, na mwaka 1952 hatua ikakamilika kwa kutengana kabisa na Abasia. Makao yakawa Mount Oliver, karibu na Dundalk, Ireland, na Mama Kevin, mwenye umri wa miaka 77, akawa mkuu wao wa kwanza.

Msomaji mmoja wa Soroti ameuliza kwa ukali kidogo kwa nini basi wale wasichana wanane wa 1923 hawakuingizwa tu katika shirika lilelile la Wazungu, wakawa masista sawa na wengine. Ni swali la haki. Sitadai kwamba Kanisa la miaka ile halikuwa na ubaguzi. Walikuwapo wengi, hata miongoni mwa wamisionari, walioshuku kama msichana Mwafrika angeweza kuishi nadhiri, ingawa Bwanda ilikuwa imekwisha kuwajibu. Lakini nikiangalia matokeo, naona kwamba kama wangeingizwa katika Abasia, wangekuwa wageni katika nyumba ya watu, wakingoja maamuzi kutoka London kama Mama Kevin mwenyewe alivyongoja. Walipewa shirika lao, chini ya askofu wa hapa, lenye uwezo wa kuchagua mkuu wake na kumiliki mashamba yake. Leo Masista Wadogo wako Uganda, Kenya na Tanzania, na wao ndio waliokabidhiwa kuendesha Hospitali ya Nsambya.

Kuhusu Kenya, msishangae. Vikarieti ya Nile ya Juu haikufuata mpaka tunaoujua leo pale Busia na Malaba. Hadi mwaka 1925, Kisumu na nchi ya Waluo na Waluhya zilikuwa chini ya askofu huyohuyo wa Nsambya, na masista walitembea humo kama nyumbani.

*Mnamsifu sana. Mbona hamsemi kwamba Waingereza walimpa nishani? Anayepewa nishani na mkoloni alimtumikia nani?* — Kijana wa Jinja

Tunasema. Mwaka 1918 alipewa nishani ya ufalme wa Uingereza iitwayo MBE. Sasa tazama alipewa kwa kazi gani. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wajerumani walipigana Afrika Mashariki kwa miaka minne, na kwa kuwa farasi na ng'ombe walikufa kwa mbung'o, mizigo ya vita ilibebwa kichwani na wapagazi. Hao ndio kikosi kilichoacha jina la Kariakoo. Walikufa kwa maelfu mengi, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Waliorudi Uganda wakiwa mifupa mitupu walihitaji mahali pa kulazwa, na Nsambya ilifunguliwa kwa ajili yao. Waliokuwa kwenye mikeka ya Mama Kevin ni watu wa kwetu, walioharibiwa na vita isiyowahusu.

Ni kweli pia kwamba serikali iliyomvisha nishani ndiyo iliyowapeleka vitani, na hilo lina uchungu wake. Lakini kumbuka kwamba Kevin alikuwa Mwairishi, na Ireland yenyewe ilikuwa bado inatawaliwa na Uingereza. Miaka miwili kabla ya nishani ile, mwaka 1916, viongozi wa uasi wa Dublin walipigwa risasi na jeshi la ufalme huohuo. Sidhani kwamba alihitaji kufundishwa maana ya kutawaliwa. Ninyi vijana mna haki ya kuuliza, nasi tunaendelea kupokea barua.

*Binti yangu amemaliza kidato cha nne na anataka kuingia utawani. Baba yake amekasirika, anasema tumesomesha ili apatikane wa kutusaidia. Mimi sijui nisimame wapi. Je, wasichana wale wa kwanza wazazi wao walikubali? Na wakishaingia, hawatoki tena?* — Mama, Tororo

Mama yetu, wasiwasi wa mumeo ni wa zamani kuliko shirika lenyewe. Mwaka 1923 msichana kutoolewa kulikuwa jambo zito zaidi ya leo: ng'ombe wa mahari wangekosekana, wajukuu wangekosekana, na ukoo ungeuliza amelaaniwa na nini. Mzazi aliyemruhusu binti yake kuwa mmoja wa wale wanane alikuwa anaruhusu kitu ambacho jirani zake wengi hawakukiona hata mara moja maishani. Kwa hiyo hamko peke yenu.

Kuhusu kutoka, hapa naweza kumtuliza mumeo, kwa sababu sheria ya Kanisa ina ngazi nyingi na haimharakishi mtu. Kwanza binti atakaa kama mwombaji, akitazama na kutazamwa. Akikubaliwa ataingia unovisi, yaani kipindi cha malezi ya kitawa, ambao hauwezi kuanza kabla ya umri wa miaka 17 wala kuwa chini ya miezi 12. Baada ya hapo ataweka nadhiri za muda, na atabaki katika nadhiri hizo kwa miaka isiyopungua 3, kwa kawaida isiyozidi 6. Muda wa nadhiri ukiisha, yuko huru kuondoka bila kuomba ruhusa ya mtu, na shirika nalo lina haki ya kumwambia kwa sababu za haki kwamba haya si maisha yake. Nadhiri za daima haziwekwi kabla ya kutimiza miaka 21. Ukijumlisha, ana miaka kadhaa ya kujipima, mirefu kuliko uchumba wa wengi waliooana.

Nisichoweza kukutuliza nacho ni suala la msaada. Mshahara wa sista huenda kwenye mfuko wa shirika, na nadhiri ya ufukara ni ufukara kweli. Mweleze mumeo hivyo tangu mwanzo, kwa upole, wala msimfiche ili akajue baadaye kwa hasira. Kisha mkae watatu na sista anayeshughulikia miito wa shirika hilo, na mumeo aulize maswali yake yote yeye mwenyewe.

*Tunaweza kumwomba Mama Kevina atuombee? Padre wetu amesema bado.* — Msomaji wa Arua

Inategemea padre alisema "bado" kwa lipi. Kesi yake ya kutangazwa mtakatifu ilifunguliwa Novemba 2016 katika Jimbo la Lugazi, ambamo kaburi lake limo, na tangu hapo anaitwa Mtumishi wa Mungu. Hiyo ni ngazi ya kwanza. Maisha yake yakichunguzwa na Roma ikaridhika kwamba aliishi fadhila kwa kiwango cha kishujaa, ataitwa Mheshimiwa, neno ambalo huku kwetu tumewaachia wabunge. Kisha hutakiwa muujiza mmoja uliothibitishwa ili awe Mwenyeheri, na mwingine baada ya hapo ili awe Mtakatifu.

Nyumbani kwako, kitandani kwa mgonjwa wako, unaweza kumwomba akuombee leo hii. Bila watu kufanya hivyo, muujiza utatoka wapi? Kisichoruhusiwa ni ibada ya hadharani: kumtaja katika Misa kama mtakatifu, kuweka sanamu yake altareni, kumpa sikukuu. Tazameni mfano wa Padre Giuseppe Ambrosoli, daktari wa Kalongo aliyefariki mwaka 1987. Watu walimwomba kimyakimya kwa miaka mingi. Mwanamke mmoja aliyekuwa akielekea kufa katika Hospitali ya Matany, Karamoja, akapona. Uchunguzi ukafanyika, na tarehe 20 Novemba 2022 akatangazwa Mwenyeheri palepale Kalongo.

*Alizikwa mara mbili? Na nikitaka kufika kaburini napitia wapi?* — Msomaji wa Lira

Ndiyo, mara mbili. Mwaka 1955, akiwa na miaka 80, aliacha uongozi wa shirika, lakini hakupumzishwa. Alitumwa Marekani, eneo la Boston, kutafuta fedha za misheni. Marekani aliyoililia ujanani akaipata uzeeni, akiwa na kopo la sadaka mkononi. Alifariki huko Brighton, Massachusetts, tarehe 17 Oktoba 1957. Mwili ulisafirishwa hadi Ireland na kuzikwa Mount Oliver. Wakatoliki wa Uganda waliposikia, walikataa. Kwa Muganda mtu huzikwa kwenye kiggya, yaani makaburi ya ukoo wake, pamoja na watu wake, na mama kuzikwa mbali na watoto halikuwa jambo la kuzungumzika. Waliomba, wakasisitiza, na mwili ukaletwa. Alizikwa Nkokonjeru tarehe 3 Desemba 1957, siku ileile ya mwezi aliyoondoka London miaka 55 kabla yake.

Kuhusu njia, ukitoka Kampala fika Mukono kwanza, kisha utafute teksi ya Nkokonjeru, inayopita Kisoga. Itangoja ijae, kwa hiyo nenda asubuhi. Mimi nilipokwenda nilikaa nyuma kabisa, kati ya gunia la mkaa na mama mmoja mzee aliyepakata fenesi lililokatwa nusu, limefunikwa kwa jani la mgomba. Nilimwuliza, kwa Kiganda changu kibovu, kama jina la mji huo lina maana ya kuku mweupe. Akacheka, akasema ndiyo, nkoko ni kuku na njeru ni nyeupe, kisha akaniuliza ninakwenda kumwona nani. Nikasema ninakwenda kwenye kaburi la Mama Kevina. Akaniambia nikishafika nisiishie kaburini tu, nipite pia kwenye nyumba ya walemavu aliyoiacha, ile wanayoiita Providence, kwa sababu huko ndiko wageni hawaendi. Kisha akaongeza kwamba nikiwa na muda niendelee mbele kwa barabara hiyohiyo hadi Nyenga, alikofungua kituo cha wagonjwa wa ukoma mwaka 1932, kabla ya kile cha Buluba. Mwaka hakuutaja yeye. Huo nauongeza mimi. Yeye alisema tu, "Nako ni Kevina."